Bana Pumzi Hesabu

Sauti ilitangulia. Vumbi lilikuwa bado halijaonekana kwenye kona, na guta lenyewe, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lilikuwa bado nyuma ya migomba ya jirani, lakini kipaza sauti kilikwisha kukohoa mara mbili, kikakwaruza, kikamwaga maneno juu ya mabati yote ya mtaa wa Katindiuka:

*Bana pumzi hesabu, hadi kumi ukifika,*
*Usipopata taabu, korona haijashika!*

Halafu, bila kupumzika: "Dawa ya panya! Panya akila hanuki, haozi, anakauka kama dagaa! Mama, mpunga umevuna wewe, unamvunia panya?"

Mtaa mzima ulivimba mashavu. Muuza vitumbua alibana pumzi huku mafuta yakichemka mbele yake. Fundi baiskeli alibana huku spana ikiwa mdomoni. Na barazani, juu ya mkeka, Babu Anselim naye alibana, akahesabu kwa vidole, akapita kumi, akapita ishirini, akaachia kwenye thelathini na kicheko juu yake.

"Haijashika!" alitangaza. "Malenga kasema!"

Malenga mwenyewe alikuwa jikoni, macho yamemwiva kwa moshi, akikwangua sufuria. Sauti iliyopita barabarani ilikuwa yake. Yunis, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mjukuu wa Babu Anselim, hakufundishwa mizani na mtu. Alijifundisha akipembua mchele, silabi moja punje moja, nane huku na nane kule, mpaka masikio yakazoea. Sasa hakuna muuzaji Ifakara aliyetaka kutangaza vyandarua, madaftari au dawa ya kunguni bila kupita kwake kwanza. "Tangazo lisilo na vina ni kelele tu," aliwaambia, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Beti ile ya korona ilizaliwa Juni, mwaka huo wa 2021, wimbi la tatu lilipoanza kusemwa. Ilitokana na ujumbe uliokuwa ukirukaruka kwenye simu za watu, haujulikani umetoka wapi, kwamba anayeweza kubana pumzi sekunde kumi bila kukohoa hana ugonjwa. Mabula, Msukuma mwenye guta la dawa ya panya, ndiye aliyemletea. "Watu wakisikia korona wanasimama," alimwambia. "Wakisimama, mimi nauza." Yunis aliusoma ujumbe mara moja, akaona "hesabu" inakwenda na "taabu", akaona "ukifika" inakwenda na "haijashika", akarekodi siku hiyo hiyo. Kama maneno ni kweli au si kweli, hilo hakuliuliza. Yalikaa vizuri mno.

Na mshindi wa beti ile alikuwa ndani ya nyumba yao. Babu Anselim alikuwa mvuvi wa mto Kilombero miaka arobaini, kazi yake kuzamia na kufungua nyavu zilizonasa kwenye visiki. Wenzake walikuwa wakimaliza kuvuta sigara nzima ndipo anaibuka. Kumi kwake ilikuwa mzaha.

Lakini jikoni, sufuria lilikuwa jeusi.

"Babu," alisema Yunis, akitoka na kijiko mkononi. "Kambale ameungua mpaka amekuwa mkaa. Moshi umejaa nyumba nzima. Wewe umekaa hapa mlangoni, hukusikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya kambale anayeungua!"

"Hajaungua huyo, mke wangu. Ungemwunguza ningesikia. Pua hii inajua samaki aliyelala jana na aliyelala juzi."

Yunis alimtazama. Homa ya Babu ilikuwa na siku ya sita. Ilianza na kuumwa viungo, ikaja na kikohozi kikavu, kisha ikapoa, naye akaanza utani wake wa kumwita mjukuu wake mke. Alikuwa anacheka. Lakini midomo yake ilikuwa na rangi ambayo Yunis hakuipenda, rangi ya zambarau iliyopauka.

Alivaa barakoa, akamfungia mlango wa jiko yule mkaa aliyekuwa kambale, akaenda kumwita Levina.

Levina alikuwa nesi, nyumba ya tatu kutoka pale, aliyetoka zamu asubuhi hiyo. Alikuja na kanga begani, barakoa usoni, na kidude cheupe kama kibanio cha nguo mfukoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja kunichukulia mke?"

"Nimekuja kukuchukulia kidole. Lete hicho cha shahada."

Alikibana kidude kwenye kidole. Taa nyekundu ikawaka. Namba ilicheza, ikatulia. Levina alikitoa, akaukanda mkono wa Babu mpaka ukapata joto, akakiweka kwenye kidole kingine. Namba ilikuwa ile ile.

"Themanini na nne," alisema.

"Kwa mia?" aliuliza Babu. "Shuleni sijawahi kupata hata hamsini!"

"Babu, hapa mwenye afya anapata tisini na tano kwenda juu. Hii ni oksijeni iliyo kwenye damu yako. Kwa themanini na nne unatakiwa kitandani, kwenye mtungi wa oksijeni, leo. Si kesho. Ukilala hapa usiku huu siwezi kukuahidi kwamba utaamka."

Yunis alimshika Babu mkono amwinue.

"Mimi?" Babu alijipiga kifua. "Ninayeongea hivi? Mgonjwa wa mapafu anahema kama mbwa mchana wa jua. Mimi nahema? Tazama!"

"Babu, usi—"

Alikwisha kubana. Alimkazia Levina macho, akahesabu kwa vidole. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Levina alimsihi, Yunis alimshika bega, yeye akatikisa kichwa kwa fahari. Alipoachia kwenye ishirini na tano, Levina alirudisha kidude kidoleni. Muda kidogo, namba zikaanza kushuka kama ndoo kisimani. Themanini na moja. Sabini na tisa. Sabini na saba.

"Hicho kimechoka," alisema Babu. "Betri."

Levina alikiweka kwenye kidole chake mwenyewe. Tisini na nane. Akakiweka kwa Yunis. Tisini na saba.

"Basi kinapenda wanawake."

"Babu!" Yunis alilipuka. "Nyamaza uende hospitali!"

"Unanitupia maneno yako mwenyewe?" Babu naye alipanda. "Wewe ndiye umeuambia mji mzima! Usipopata taabu, korona haijashika. Mimi nimepata taabu? Sikupata. Basi haijashika. Au malenga wangu ni mwongo?"

Ile beti ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mizani kamili, haikuwa na silabi ya kuazima. Na ilikuwa inamuua babu yake.

"Nimekosea," alisema Yunis.

"Hujakosea. Huyu nesi amekutisha."

Levina aliketi kwenye ngazi, mbali kidogo, akashusha sauti. "Babu, nipe dakika tano nikueleze. Baadaye ukikataa, nitaondoka."

"Nakupa tano. Nina subira ya mvuvi."

"Mdudu huyu ni mdogo mno, hata darubini ya pale maabara haimwoni. Mwili wake umezungukwa na miiba. Na chembe za mwili wetu, puani, kooni, mpaka chini mapafuni, zina kama kufuli kwa nje. Ule mwiba unaingia kwenye kufuli kama ufunguo. Akishaingia, hali, hanywi. Anaiteka chembe iache kazi yake, imtengenezee wengine wanaofanana naye, maelfu. Wakijaa wanatoka, chembe inakufa, wao wanahamia kwa jirani. Puani ameharibu zile chembe zinazosaidia kunusa. Ndiyo maana kambale kawa mkaa na wewe hujui."

"Kwa hiyo kweli kaungua," Babu alimgeukia Yunis. "Ulikuwa unanilisha nini leo?"

"Msikilize!"

"Wameshuka mapafuni," aliendelea Levina. "Mapafu si mfuko mmoja, Babu. Ni vifuko vidogo vingi, kama majaruba ya mpunga, na damu inapita kwenye kingo zake kuchukua hewa. Sasa mwili una askari wake. Wamesikia adui yupo, wamekwenda kupigana. Na wewe unajua kiboko akiingia shambani inakuwaje."

Babu alicheka kidogo, kisha akakohoa. "Kiboko anakula jaruba moja. Watu wanaomfukuza wanakanyaga matano."

"Ndiyo hivyo. Kwa watu wengi askari wanamfukuza, wanarudi nyumbani, mambo yanaisha. Kwako wamepandwa na hasira, hawajui kuacha. Wanakanyaga mapafu yenyewe. Kingo zinavuja, majaruba yanajaa maji, na hewa haiwezi kupita kwenye maji. Damu inafika pale kuchukua oksijeni, inaondoka mikono mitupu."

"Kama nimejaa maji, mbona sizami? Mbona sihangaiki?"

Hilo ndilo swali Levina alilokuwa akilingoja. "Kwa sababu kinachomfanya mtu ahangaike, sana sana, si kukosa hewa safi. Ni hewa chafu kujaa ndani. Ubongo unapima hiyo chafu, ndiyo inayopiga kelele. Katika ugonjwa huu, hewa chafu inaweza kuendelea kutoka vizuri huku safi haiingii. Kelele haipigwi. Mtu anacheka, anatania, anabana pumzi. Halafu anaanguka."

Babu Anselim alitazama mikono yake.

"Dionisi," alisema Babu.

Yunis alilijua jina hilo kutoka kwenye picha moja ukutani. Mdogo wake Babu, aliyefia mtoni kabla mama yake Yunis hajazaliwa.

"Alikuwa na ujanja wake," alisema Babu, na utani wote ulikuwa umeondoka katika sauti. "Kabla ya kuzama alikuwa anahema haraka haraka, mara nyingi, hu-ha, hu-ha. Alisema namna hiyo anakaa chini kuliko mimi. Na kweli alikaa. Siku ile alihema hivyo, akazama, hakurudi. Nikamfuata. Nilimkuta ameshika wavu, uso umetulia kama aliyelala. Hakupapatika. Hata tope halikutibuka. Aliyezama anapapatika, kila mvuvi anajua. Tukasema mto umemchukua. Miaka yote hiyo nasema mto umemchukua."

"Alitoa hewa chafu yote kwa kule kuhema," alisema Levina taratibu. "Ikawa hakuna wa kumpigia kelele kwamba safi imekwisha."

"Hakusikia chochote?"

"Hakusikia chochote, Babu."

Babu alivuta shati lililokuwa kwenye kamba, akaanza kulivaa. Alikosea vifungo, Yunis akamfungia.

"Nendeni mkatafute usafiri," alisema. "Na mnitafutie viatu. Sifi kwa adabu namna ile. Mimi nikifa, nataka kupapatika."

Yunis alitoka mbio. Barabarani hakukuwa na bajaji hata moja. Kulikuwa na guta, likirudi kutoka upande wa pili, na juu yake sauti tamu ya msichana mwenye majivuno: *Bana pumzi hesabu...*

Alisimama katikati ya njia, mikono juu. Mabula alifunga breki, vumbi likamfunika.

"Wewe! Unataka nikukanyage nikose matangazo?"

"Zima!"

"Nizime? Leo beti yako imeniuzia kuliko—"

"Mabula, zima! Ni uongo. Babu yangu anakufa kwa hiyo beti. Nisaidie kumbeba."

Mabula alizima. Alisukuma makasha ya dawa pembeni, akatandika turubai, akafunika pua na mdomo kwa skafu, wakampandisha Babu, mgongo umeegemea ubao.

"Mnanipeleka hospitali juu ya sumu ya panya," alisema Babu. "Wakiniuliza nimekunywa nini?"

"Sema umekunywa mashairi ya mjukuu wako," alisema Mabula, akakanyaga mafuta.

Walipofika karibu na soko, magari yalibanana na watu hawakutaka kupisha guta. Mabula alipiga honi. Hakuna aliyegeuka. Yunis alichukua maikrofoni ya guta, akaibonyeza, na bila kuhesabu punje yoyote akafungua mdomo:

"Pisheni! Ni mimi Yunis! Nina mgonjwa! Na ile ya kubana pumzi, msiifuate!

*Pumzi si ushahidi, nilikosea jamani,*
*Homa ikikukaidi, usijifiche nyumbani!*"

Watu waligeuka. Njia ikafunguka. Muuza nyanya mmoja akapaza sauti, "Kumbe malenga naye hukosea!" na kicheko kikamfuata Yunis mpaka mwisho wa soko, kikamchoma masikio, naye akairudia beti mara ya pili, na ya tatu, kwa nguvu zaidi.

Babu alimgusa goti. Alianza kuishiwa sauti. "Hilo 'jamani'," alisema, "umelichomeka tu kujaza mizani."

"Najua, Babu. Nyamaza upumue."

Hospitali walimpokea upesi. Walimwekea oksijeni, wakamchoma dawa ya kuwatuliza wale askari waliopandwa na hasira, na nyingine ya kuzuia damu isigande mishipani, maana na hilo ugonjwa huu hulifanya. Wakamlaza kifudifudi, kwa sababu majaruba ya mgongoni yalikuwa bado yana nafasi ya hewa. Babu alilalamika kwamba amelala namna hiyo mara moja tu maishani, siku aliyolewa pombe ya harusi yake mwenyewe. Usiku wa kwanza na wa pili ulikuwa mgumu. Wa tatu, namba ilipanda. Siku ya tisa alikuwa amekaa, kipimo kinasema tisini na tatu, na anamwuliza kila nesi kama ameolewa.

Siku hiyo ndipo Yunis aliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuingia wodini, akiwa na barakoa mbili. Kitanda cha pili alikuwapo mzee mrefu mwenye mirija ya oksijeni puani, mfugaji Msukuma aitwaye Limbu. Yeye na Babu walikwisha kuzoeana kwa kutukanana.

"Huyu ng'ombe wake wamekula mpunga wa bonde zima," alimtambulisha Babu. "Sasa amekuja kula na oksijeni."

"Mla samaki," alijibu Mzee Limbu kwa taabu, "kaa kimya, utavua mirija yangu."

"Shikamoo, mzee," alisema Yunis.

Mzee Limbu aliinua kichwa. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Ni wewe." Alimtazama kama mtu aliyekutana na redio ikiwa na miguu. "Wewe ni yule wa bana pumzi. Sauti yako naijua kuliko ya ndugu yangu. Guta lilifika kijijini kwetu Sanje siku ya gulio. Nilibana, nikafika ishirini. Siku tano nikabana, siku tano nikafika ishirini. Ya sita nikaanguka zizini."

Yunis alitafuta pa kuweka macho.

"Kwangu mimi si neno, nimefika hapa," aliendelea mzee. "Ni mke wangu, Mama Holo. Ana homa siku ya nne. Nampigia simu, namwambia nenda zahanati. Anasema amebana, amefika thelathini, ananishinda. Anacheka."

"Nipe namba yake."

Alipiga pale pale. Mama Holo alipokea. Yunis alijitaja, akaeleza, akakiri kosa lake. Upande wa pili ulisikiliza, kisha ukacheka kwa sauti kubwa.

"Mwambie Limbu anitafutie mwigizaji mwingine," alisema Mama Holo. "Yunis mwenyewe hakosei. Nimemsikia kwa masikio yangu." Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa.

Mzee Limbu alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka chini ya shuka. Babu Anselim alimtazama mjukuu wake.

Yunis alitoka hadi mlangoni, akazungumza na Levina aliyekuwa zamuni, akarudi na kile kidude cheupe kimefungwa kwenye leso. Alisogea kitandani kwa Mzee Limbu, akainama ili asikike juu ya sauti ya mtungi.

"Mzee, basi la Sanje linaondoka saa nane, na mimi nimo," alisema. "Naahidi mbele ya babu yangu: jua halitazama kabla sijasimama mlangoni kwa Mama Holo, anione uso, asikie kinywa changu chenyewe kikisema nilikosea. Akinicheka, atanicheka kidole chake kikiwa kwenye kipimo. Akikataa, nitakaa mlangoni pake mpaka akubali."